Saa Moja, Si Mbili

Mama hupaka papai bichi kwenye nyama ya ng'ombe mzee.
Saa moja, si mbili.
Ukisahau, asema, nyama yawa uji
na kijiti chabaki uchi mkononi.
Jioni moja, moshi wa mkaa ukimtoa machozi pale Majengo,
aliniuliza: "Hebu wewe msomi,
hilo papai lafanyani mle ndani?"
Nikasema, "Kimeng'enya,"
kana kwamba jina ni jibu.
Akanitazama vile atazamavyo noti ya bandia.

Basi nikenda Tudor, chumba cha ghorofani,
mimi na Nyamvula Dzombo na jokofu la kuazima.
Tukachuja utomvu mweupe, tukachuja tena,
hadi ikabaki protini moja isiyo na doa.
Tukaitundika matone, madogo kuliko jasho la pua,
kila tone juu ya kisima chake cha chumvi,
tukangoja maji yahame taratibu.
Mara ya kwanza, tope.
Mara ya pili stima ilipotea tangu magharibi hadi alfajiri
na joto la Machi likaingia likapika kila kitu.
Mara ya saba nilikuwa chini ya meza natafuta kalamu
Nyamvula aliponong'ona: "Zamzam, usiinuke. Usiguse meza."

Fuwele.
Sindano sita za kioo,
na ndani yake molekuli zimejipanga kama safu za swala,
bega kwa bega, hakuna aliyeacha mwanya.

Zikasafiri ng'ambo katika mtungi wa baridi kali.
Eksirei ikazipiga, ikatawanyika,
nasi tukaletewa madoa. Madoa tu, maelfu,
kama mtu akuonyeshe vitone vya nuru sakafuni
na akwambie: haya, suka upya mkeka uliotundikwa dirishani.
Tulihesabu miezi minane.
Wingu la buluu likajikusanya kwenye skrini,
na katikati ya wingu ufa, kama bonde;
ukuta huu una salfa,
ukuta ule una pete ya histidini,
wanatazamana.

Ila fuwele haitembei.
Ukimpiga picha mwizi akiwa amesimama,
umempata mwizi; wizi hujauona.
Kwa hiyo tukamletea mgeni wa uongo,
kizuizi kilichovaa sura ya nyama,
kikaingia bondeni, kikanasa.
Na pale, Mola wangu,
salfa imeikamata kaboni,
kaboni iliyokuwa bapa imevimba mgongo,
mikono mitatu imekuwa minne,
oksijeni yake imelazwa kishimoni kama mtoto asiyetaka kulala.
Tendo la kufumba na kufumbua,
limesimamishwa nusu.

Picha ya tatu, ile ya maji yanapokuja kumaliza kazi,
ilikataa. Fuwele zilipasuka zote.
Tunayo ya kwanza na ya pili,
katikati tunavuka kwa kuruka.

Nikarudi Majengo na karatasi ya rangi.
Nikamwonyesha Mama: hapa ndipo nyama hukatika,
hapa, kati ya hawa wawili,
salfa humpa histidini hidrojeni yake,
ndiyo maana ana ukali.
Akapangusa mkono kwenye leso, akasogeza karatasi kwenye taa.
"Hiyo hidrojeni iko wapi?"
Haionekani, nikasema. Ni nyepesi mno, eksirei yaipita.
Twajua ipo kwa vile hawa wawili walivyoegemeana,
kwa umbali uliobaki kati yao.

"Kwa hivyo hujaiona."
"Sijaiona."

Akacheka, si cheko la dharau.
Alisema hata yeye hajapata kuiona saa moja ikifika,
huijua kwa kidole, nyama inapoacha kubisha.
Kisha akainusa bakuli, akaniangalia, akapiga kelele:
"Zamzam! Papai! Umenizubaisha na makaratasi yako!"
Nyama ilikuwa imeshakuwa uji.

Tuliila kwa kijiko.